Kumpata mwenzi wa hafla Geneva: wakala wa wasindikizaji, mwongozaji, mkalimani au Mswahili mwenzetu?

Binti Kibosho

Habari za leo, ndugu zangu. Naomba ushauri kwa walioishi au kufanya kazi Geneva. Nauza kahawa ya arabika ya Kilimanjaro kwa niaba ya kampuni ndogo ya familia yetu, na Desemba hii nitakaa Geneva siku tisa kuzungumza na wanunuzi, kwa kuwa wafanyabiashara wengi wakubwa wa kahawa wana ofisi zao huko. Mchana sina wasiwasi. Mikutano huendeshwa kwa Kiingereza, na tukishaweka sampuli mezani na kuanza kuonja, tunaelewana bila shida. Kinachonitatiza ni jioni. Nimealikwa kwenye opera katika Grand Théâtre, kisha kwenye chakula rasmi nyumbani kwa mnunuzi mmoja ambako wageni wengi watazungumza Kifaransa nisichokijua, na mwisho kwenye sikukuu ya Escalade katika mji wa kale. Kadi za opera na chakula zinanikaribisha pamoja na mwenzangu, lakini mume wangu hawezi kusafiri kwa sababu anabaki shambani kusimamia mavuno ya mwisho na uanikaji.

Nimetafuta na kuona njia nne. Ya kwanza ni wakala anayekodisha wasindikizaji wa hali ya juu, wake kwa waume, wanaotangazwa kuwa wamesoma, wana lugha kadhaa na wanajua adabu za hafla. Ya pili ni mwongozaji wa watalii aliyefuzu, na ya tatu ni mkalimani. Ya nne ni Mtanzania au Mkenya anayeishi huko, pengine mwanafunzi, ambaye nitamlipa kwa muda wake. Sitafuti mapenzi wala burudani ya faragha. Nataka mtu wa kukaa kando yangu, anayejua ninachokitazama na anayeweza kuninong'oneza ninachoambiwa, ili nisirudi Moshi nikiwa nimetabasamu jioni tatu nzima bila kuelewa neno. Ninyi mngechagua ipi, na kwa nini?

Mkaazi wa Eaux-Vives

Karibu sana, dada. Nimeishi katika mji huu miaka kumi na minne, na ningependa nianze na neno lenyewe, kwa sababu wageni wengi hupotelea hapo. Sisi tukisema "msindikizaji" tunamaanisha mtu yeyote anayefuatana na mwenzake, lakini hapa Geneva "wakala wa wasindikizaji" ni jina lililomo katika sheria ya jimbo inayosimamia biashara ya ngono, iliyoanza kutumika mwaka 2010. Biashara hiyo ni halali Uswisi. Wakala wa aina hiyo anatakiwa kujiandikisha polisi, kuweka kumbukumbu za watu wanaofanya kazi kupitia kwake, na kuhakikisha kwamba hakuna anayelazimishwa. Kwa hiyo ukipiga simu kwa wakala wa namna hiyo na kuomba mtu wa kwenda naye opera, utakuwa umeingia katika biashara nyingine kabisa, hata kama nia yako ni safi, na mtu atakayekuja anaweza kuwa ameelezwa kazi tofauti na uliyoiwazia. Ninasema hivi kwa heshima kwa wanaofanya kazi hiyo, ambao nao wanastahili kujua mapema wanaitiwa nini.

Kuna wakala wa aina nyingine, yule anayetoa wapokeaji wageni na wahudumu wa hafla, kama unaowaona kwenye maonyesho ya saa za mkononi pale Palexpo, jumba la maonyesho la mji huu. Huyo huajiri watu na kuwakodisha kwa muda, na sheria ya shirikisho ya mwaka 1989 kuhusu ukodishaji wa wafanyakazi inamtaka awe na kibali cha jimbo. Kabla hujalipa chochote, mwombe akuonyeshe kibali hicho na mkataba wenye saa, kazi na bei. Anayekuhimiza utume malipo ya awali kwa mtu binafsi kabla ya mkataba, mwache.

Mzee wa Itifaki

Mwanangu, nilihudumu katika balozi zetu kwa muda mrefu, na kabla ya kulinganisha njia hizo nne nakuuliza swali moja: je, yupo mnunuzi aliyejitolea kukutafutia mwenzi kwa gharama yake? Kama yupo, mshukuru na ukatae. Sisemi kwamba kila ukarimu ni mtego, na watu wa Geneva ni wakarimu kweli. Lakini mtu anayelipwa na upande wa pili wa meza atakaa nawe saa nne, atakusikia ukipiga simu nyumbani, ataona una furaha au wasiwasi, na pengine bila kukusudia utamdokeza bei ya chini kabisa ambayo familia yako iko tayari kuipokea. Siku ya mazungumzo bei hiyo itakuwa imekutangulia mezani. Mwenzi wako alipwe na mfuko wako, hata kama itakulazimu kuchukua wa bei nafuu au kuhudhuria hafla moja peke yako.

La pili ni utambulisho. Usimtambulishe mtu uliyemkodi kuwa ni ndugu yako, sembuse mwenzi wako wa ndoa. Sema, "Huyu ni mkalimani wangu," au, "Huyu ananiongoza katika mji wenu." Katika mji uliojaa wajumbe na wafanyabiashara, kuja na mkalimani si aibu hata kidogo. Uongo mdogo wa utambulisho ndio unaoleta aibu, kwa maana mji huu ni mdogo kuliko unavyoonekana, na mtu huyohuyo huenda alikaa meza ya jirani juma lililopita akiwa na mgeni mwingine.

Mkalimani wa Léman

Shikamoo Mzee, na dada pole kwa maandalizi. Nitasema juu ya chakula cha jioni tu, kwa sababu ndicho ninachokijua kwa kukifanya. Mwongozaji na mkalimani ni watu wawili tofauti, na wengi huwachanganya. Mwongozaji anakueleza yake: anaijua historia, anaipanga, anaisimulia. Mkalimani hasemi lolote lake. Anakupa maneno ya wengine na kuwapa wao maneno yako, na kutunza siri ya mazungumzo ni sehemu ya maadili ya kazi yake. Katika meza ya watu kumi wanaozungumza Kifaransa, unayemhitaji ni mkalimani wa kunong'ona, anayekaa kando yako au nyuma kidogo ya bega lako.

Yapo mambo ambayo wateja hawaambiwi. Mkalimani anayefanya kazi hali chakula kwa raha, basi panga ale kabla, na umwambie mwenyeji mapema ili kiti kiwekwe mahali panapofaa. Kunong'ona kwa saa tatu mfululizo kunachosha akili kupita kiasi, na ndiyo maana mikutanoni tunafanya kazi wawili wawili na kupokezana takribani kila nusu saa. Jioni ya mtu mmoja inawezekana ikiwa mtakubaliana kwamba atafasiri yaliyoelekezwa kwako na hotuba, na kuacha soga za pembeni. Mtumie pia karatasi moja yenye majina ya wageni na maneno ya biashara yako. Neno "kikombe" kwa muonja kahawa lina maana ambayo mkalimani wa mikutano ya afya hataibahatisha.

Usitarajie sana kumpata mkalimani wa Kiswahili na Kifaransa, kwa kuwa Kiswahili si mojawapo ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa na soko lake hapa ni dogo. Chukua wa Kifaransa na Kiingereza. Chuo Kikuu cha Geneva kimefundisha wakalimani tangu mwaka 1941, kwa hiyo watu waliofuzu hawakosekani. Malipo huhesabiwa kwa nusu siku au siku nzima, hata kama chakula chenyewe ni cha saa mbili.

Mwanafunzi wa Lausanne

Dada, njia ya nne inanihusu, na naomba uichunguze vizuri kwa sababu mzigo wake huwaangukia wanafunzi. Sisi tunaotoka nje ya Ulaya tunaruhusiwa kufanya kazi baada ya miezi sita ya masomo, kisha ni saa kumi na tano kwa juma wakati wa muhula, na mwajiri ndiye anayeomba kibali. Mgeni akimlipa mwanafunzi mkononi bila karatasi, yeye hurudi nyumbani salama, na mwanafunzi ndiye anayebaki na hatari ya kupoteza ukaazi wake.

Niliwahi kumsindikiza mgeni mmoja kwenye tamasha la muziki. Tulikubaliana saa tatu, zikawa saba, na usiku nikaambiwa kwamba "kati ya Waafrika hatuhesabiani dakika". Niliumia, kwa sababu nilikuwa na mtihani asubuhi na treni ya mwisho ilikuwa imeondoka. Tangu Novemba 2020 jimbo la Geneva lina kima cha chini cha mshahara, ambacho kilianza kwa faranga 23 kwa saa na kimekuwa kikipandishwa. Undugu usitumike kushuka chini ya hapo. Kama unataka tu kuwa na mtu wa nyumbani, mwalike kama rafiki, mnunulie tiketi na chakula, wala usimpe kazi ya ukalimani.

Mfanyabiashara wa Mombasa

Nami naomba kumtetea wakala wa hafla, kwa sababu amesemwa kwa uangalifu lakini hajasifiwa. Miaka michache iliyopita nilihitaji mtu wa kunisaidia kuwapokea wageni katika hafla yangu mwenyewe kwenye hoteli kando ya ziwa. Wakala mwenye kibali alinipa mama wa makamo aliyesomea historia ya sanaa. Aliwapokea wageni kwa Kifaransa na Kijerumani, akawakutanisha waliopaswa kukutana, na aliponiona nimekwama na mgeni mmoja alikuja akanitoa kwa ustadi. Mkalimani asingefanya hivyo, kwa kuwa si kazi yake. Lakini mimi nilikuwa mwenyeji. Wewe unakwenda nyumbani kwa mtu ukiwa mgeni, na hapo mhudumu wa hafla hana nafasi yake.

Mpenda Muziki

Opera nenda peke yako, dada yangu. Nasema hivyo nikijua kwamba wengi hawatakubaliana nami. Grand Théâtre huonyesha tafsiri ya maneno ya waimbaji kwa Kifaransa na Kiingereza juu ya jukwaa, kwa hiyo utaelewa kama jirani yako anavyoelewa, na wakati wa onyesho hakuna anayeruhusiwa kunong'ona. Utamlipa mtu akae kimya! Soma muhtasari wa hadithi mchana, fika mapema, kabidhi koti lako, kisha zunguka ukitazama jengo lenyewe. Lilifunguliwa mwaka 1879, likaungua mwaka 1951 na kufunguliwa tena mwaka 1962, ndiyo maana ukitoka kwenye vyumba vya mapokezi vya karne ya 19 na kuingia ukumbini unahisi umehamia zama nyingine. Ukichelewa hutaingia mpaka mapumziko.

Escalade ndiyo inayohitaji mtu, na mtu huyo ni mwongozaji. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Desemba 1602, askari wa Mtawala wa Savoie, nchi jirani ya wakati huo, walijaribu kuupanda ukuta wa Geneva kwa ngazi, na wenyeji wakawarudisha nyuma. Inasimuliwa kwamba mama mmoja, Mère Royaume, aliwamwagia chungu cha supu ya moto kutoka dirishani. Sherehe hufanyika wikendi iliyo karibu na tarehe hiyo, na watu kwa mamia huvaa mavazi ya karne ya 17 wakiwa na mienge, farasi na ngoma. Bila mwongozaji utaona gwaride la kupendeza na kuishia hapo. Ukiwa naye utaelewa kwa nini mji mzima unaimba wimbo wa lugha ya zamani ambayo karibu hakuna anayeizungumza tena mitaani, na atajua saa ya kukupitisha katika kichochoro cha Monetier, ambacho hufunguliwa kwa umma wakati wa sikukuu hiyo. Waongozaji huuza muda wao kwa vipindi, mara nyingi saa mbili, na katika wikendi hiyo huisha haraka. Mwandikie sasa hivi.

Na chungu cha chokoleti, kinachokumbusha kile cha Mère Royaume, kikiletwa mezani, mkubwa kuliko wote na mdogo kuliko wote hushikana mikono na kukivunja kwa pamoja, wakitamka kwamba hivyo ndivyo walivyoangamia maadui wa Jamhuri. Jifunze maneno hayo kwa Kifaransa, kwa sababu huenda mkubwa ukawa wewe.

Binti Kibosho

Nawashukuru wote kwa moyo. Mzee, swali lako limenishtua, kwa sababu ni kweli mnunuzi wa pili aliniandikia kwamba "atanipangia mtu mzuri wa kunitembeza". Nimemjibu leo kwamba nimekwisha kujipanga. Opera nitakwenda mwenyewe. Chakula cha jioni nitakwenda na mkalimani wa Kifaransa na Kiingereza, na nimeanza kuandika ile karatasi ya maneno ya kahawa. Escalade nimeomba mwongozaji wa saa mbili za Jumamosi jioni. Mwanafunzi wetu, nikikualika supu ya mboga baada ya gwaride, tiketi yako ya treni ikiwa juu yangu na bila kazi yoyote, utakuja?

Mwanafunzi wa Lausanne

Nitakuja, dada, na nitakaa hadi treni ya saa nne usiku.

Mkaazi wa Eaux-Vives

Jambo moja lililosalia: mpelekee mwenyeji wa chakula jina kamili la mkalimani angalau juma moja kabla, ukimweleza kazi yake, ili kadi yake ya mezani iandikwe na kiti kisiwekwe upande wa pili wa meza. Hotelini nako uliza kadi ya usafiri wa umma, ambayo wageni wa hoteli hupewa bila malipo kwa siku wanazokaa. Itakuchukua kwenye tramu, basi na hata zile boti ndogo za manjano zinazovuka ziwa.