Mrejesho: ndago katika ukoka wa uani
Ndugu zangu, mwezi wa tatu niliuliza namna ya kuondoa ndago zilizokuwa zikiusonga ukoka wangu hapa Morogoro, nanyi mkanishauri niache kuzing'oa kwa mkono, nizichimbue kwa uma wa bustani baada ya mvua. Nawashukuru sana. Chini ya shina la kwanza, lenye pembe tatu, nilikuta viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kwa vimizizi vyembamba kama shanga kwenye uzi, na hapo nikaelewa kwa nini kila niliyoing'oa ilichipua tena baada ya siku chache. Dawa ya kuua magugu iitwayo glaifoseti sikuitumia, kwa kuwa ingeua na ukoka wenyewe. Zimebaki chache karibu na bomba, ambako udongo haukauki. Nazo naendelea kuzichimbua.