Presha ya mzee inashuka mashineni, nyumbani inapanda. Shida ni nini?

Binti Mkubwa: Shikamooni. Mzee figo zimefeli, anasafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki, saa 4 kila awamu. Uzito wake mkavu, yaani bila maji ya ziada mwilini, ni kilo 62, lakini Jumatatu anafika na 66.2. Ikiingia saa ya tatu ya awamu, presha inaanguka hadi 85/50 na vigimbi vinakaza. Nyumbani inasoma 170/100. Aache amlodipini, dawa yake ya presha, siku ya mashine?

Nesi wa Zamu: Marahaba. Piga hesabu kabla ya kulaumu dawa. Lita 4.2 za maji aliyozidisha, kwa saa 4, ni mililita 1,050 kwa saa, karibu mililita 17 kwa saa kwa kila kilo yake. Vituo vingi huogopa kuvuka 13, ambayo kwake ni lita 3.2 tu kwa awamu nzima. Mashine inavuta maji yaliyo kwenye damu. Yaliyotuama miguuni hurudi mishipani taratibu. Ukivuta haraka kuliko yanavyorudi, presha inaporomoka. Hapo muuguzi husimamisha uvutaji, humlaza miguu juu, ikibidi humpa dripu ya chumvi. Basi anaondoka hajafika 62, na kwa maji yaliyobaki, nyumbani presha iko juu palepale. Ombeni saa ya ziada au awamu ya nne.

Chumvi Kidogo: Sawa, ila chanzo kipo jikoni. Kumhesabia vikombe huku mboga ina chumvi ni kumtesa bure: kila gramu 8 za chumvi zinadai karibu lita nzima ya maji. Isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kilichosawazishwa, ukijumlisha mkate, ng'onda na vile vidonge vya supu. Chumvi mbadala msiguse. Nyingi ni potasiamu, inaweza kusimamisha moyo. Vinywaji: mililita 500 pamoja na kiasi cha mkojo wa siku. Uji, supu na barafu vimo humo.

Binti Mkubwa: Mkojo ni nusu glasi tu. Halafu amekonda tangu augue mwezi uliopita.

Nesi wa Zamu: Kumbe! Nyama ikipungua na mizani ikasoma 62 ileile, pengo limejazwa maji. Daktari aupime upya uzito mkavu, pengine aushushe kidogo kidogo. Maana yake maji ya kutoa ni mengi kuliko nilivyohesabu, na ile saa ya ziada inahitajika zaidi. Amlodipini haichujwi na mashine na hukaa mwilini zaidi ya siku, kwa hiyo kuruka kidonge cha asubuhi hakusaidii sana. Dawa nyingine za presha, atenololi na lisinoprili, ndizo huchujwa. Mara nyingi humezwa baada ya mashine. Asiache yoyote bila daktari. Na presha ipimwe mkono usio na fistula, yaani mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya mashine.