Fundi wa vibanda vya pikapu ametuona mabwege

Mnyonge wa Bangwe:
Wakuu, simtaji, mnamjua. Kigoma nzima inamjua, hadi migebuka ya Kibirizi inamjua. Yule yule anayechomelea vibanda vya kulalia nyuma ya pikapu, anakuapia kwamba utalala ufukweni peke yako hata gharika ya Nuhu irudi. Basi gharika imeshuka Katonga, godoro lote maji, tochi inaelea, unampigia simu kwa adabu zote, na jibu lake ni hili: "Hiyo siyo mvua bosi, ni pumzi yako."

PUMZI YAKO!

Pumzi gani inapita kwenye tundu la skrubu? Paa zima katoboa kwa skrubu za mabati, halafu silikoni kapaka juu ya vichwa, chini hakuna kitu. Na ni ile silikoni ya madirisha yenye harufu ya siki: haishiki bati lenye vumbi, na ile asidi yake inalila bati. Gari likipita mashimo mawili tu paa linacheza, silikoni inabanduka upande mmoja, maji yanaingia. Yakishaingia yanatambaa juu ya plaiwudi na kudondokea mita nzima kutoka lilipo tundu. Unaziba kichwani, unalowa miguuni. Halafu eti pumzi yako!

Gungu Kwetu:
Mkuu, hebu punguza kupumua basi 😂

Plaiwudi:
Pole, ila jamaa hajakosea kote. Mtu mmoja akilala kwenye boksi lililofungwa, hadi asubuhi ametoa maji kama robo lita kwa pumzi na jasho. Bati la juu likipoa kwa mvua, mvuke wote unagandia pale. Kutofautisha ni rahisi: pumzi inatoa vitone vidogo vidogo kila mahali, hasa kwenye vyuma vya fremu na vioo. Mvujo unafuata mstari mmoja na kuacha doa la kahawia kwenye plaiwudi. Fungua madirisha mawili yanayotazamana, upana wa kidole, na chai usichemshie ndani. Jiko la mkaa ndio kabisa usiingize, hata kwa dakika tano za kuota moto. Hewa yake haina harufu na inaua mtu usingizini.

Mnyonge wa Bangwe:
Kwa hiyo na wewe unasema pumzi yangu? Pumzi inayoshuka na majani ya mwembe?

Binti Mwanga:
Wakili wa fundi keshafika ukumbini.

Plaiwudi:
Majani ya mwembe, hapo nanyoosha mikono. Subiri siku kavu, mmoja akae ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji. Anzeni chini, pandeni kiungo kimoja kimoja, dakika tano kila kimoja. Mkianzia juu, maji yanateremka na kila tundu litaonekana ndilo lenyewe. Ukilipata, toa skrubu, kwangua silikoni yote kwa wembe, maana hakuna gundi inayoshika juu ya mabaki yake. Futa kwa spiriti, acha pakauke. Paka gundi ya kubandikia vioo vya mbele vya magari, ndani ya tundu na chini ya washa, kile kipete cha mpira cha skrubu, kisha kaza kiasi. Ukikaza kwa hasira gundi yote inakimbia. Iache siku nzima kabla ya kuinyeshea.

Gungu Kwetu:
Mimi kero yangu ni nyie mnaoingia mchangani na upepo wa tairi wa psi 40 halafu mnaita wavuvi waje kusukuma. Kibanda chote kimekalia tairi za nyuma! Shusha hadi 18, uwe na pampu ya kujazia ukitoka. Ukianza kuzama acha kukanyaga mafuta mara moja, chimba mbele ya tairi, chomeka mbao. Kuendelea kuzungusha ni kujichimbia mwenyewe hadi difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, ilale mchangani. Na mnapaki kwenye mdomo wa korongo, mvua ikinyesha milimani mnashangaa mto umetokea wapi.

Mnyamwezi wa Igombe:
Watu wa mchanga mnalia nini? Njooni Tabora, mlale kando ya bwawa kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata. Ukilowa unajaa kwenye tairi, kashata yote, yaani meno ya tairi, inafutika, fowili yako ya kuvuta kwa tairi zote nne inabaki pambo. Hapo hakuna kuchimba wala mbao, unangoja jua na unaomba uwe na unga wa kutosha.

Binti Mwanga:
Mngekuwa mnaona anayepakia magunia ya dagaa kwenye kibanda kisha anakikodisha kwa watu walale. Anapulizia manukato! Ile harufu imeingia kwenye sponji, haitoki. Unatupa godoro, unaosha mbao kwa siki, na bado nzi wanakufuata hadi Uvinza.

Mnyonge wa Bangwe:
Turudi kwenye mada jamani. Mtu mzima kaniambia pumzi yangu.

Mnyamwezi wa Igombe:
Dada, hao dagaa ni wakavu au wa kukaanga?

Binti Mwanga:
Wakavu, wa mchangani. Waliokaukia kwenye chanja wapo ila bei yake nyingine.

Mnyamwezi wa Igombe:
Wa chanja basi. Debe moja lije na treni, nitalipokea stesheni.