Naomba ushauri: wateja wananishukuru kwa mdomo, mtandaoni hawaandiki

Habari zenu wakuu. Mimi ni dalali wa nyumba na viwanja hapa Mwanza, hasa Buswelu, Kiseke na Nyegezi. Siku hizi mteja anakutafuta Google kabla hajakupigia, na mimi nina maoni manne tu.

Juzi nilimpatia mama mmoja nyumba Kiseke. Tulizunguka siku tatu juani. Nyumba mbili za kwanza hazikuwa na maji, ya tatu ukuta umeanguka. Alipokabidhiwa funguo alinishika mkono: "Mungu akubariki mwanangu." Nikamtumia WhatsApp linki ya kuandika maoni Google. Tiki mbili za bluu, kimya hadi leo.

Kuna kijana anataka kuniuzia maoni ya nyota tano. Sitaki kabisa. Google inakataza, hata kumpunguzia mteja bei ili aandike hairuhusiwi. Na sisi madalali tunaitwa matapeli tayari. Nikidanganya hapo, nani ataniamini kwenye mambo ya hati?

Wenye uzoefu, mnaomba lini: siku ya funguo, au mtu akishakaa mwezi? Asiyezoea simu, naweza kumwelekeza palepale bila kumpangia la kuandika? Na aliyenipa nyota moja kwa sababu mwenye nyumba alipandisha kodi, nimjibuje?