Mtoto anaanza chuo Agosti, IEP yake inahamia huko?

Hamjambo wapendwa. Niko Columbus, Ohio, kijana wangu ana selimundu, ile siko seli, na kusoma nako kunamsumbua, herufi zinamrukaruka. Haiskuli ana IEP, ule mpango wa shule wa kumsaidia mtoto mwenye ulemavu, mitihani anaongezewa muda, akilazwa walimu wanamtumia kazi. Sasa kapata chuo. Je shule ndo itawapelekea hizo karatasi au nipige simu mimi? Baba yake anasema tunyamaze wasije wakamnyang'anya nafasi. Nisaidieni jamani, usingizi sipati.
Mama Kijana

---

Hongera kwanza dada, kijana kufika hapo na selimundu yake si mchezo. Nakujibu kwa urefu maana mimi niliungulia hapo hapo.

IEP inakufa siku anavua joho la haiskuli. Sheria iliyoileta, IDEA, ile ya elimu ya watoto wenye ulemavu, mwisho wake ni huko. Chuo kinabanwa na ADA, sheria ya 1990 ya haki za wenye ulemavu, na kile kifungu cha 504 cha sheria ya 1973 (Rehabilitation Act), nazo zinakataza chuo kumbagua mtoto lakini hazikilazimishi kumtafuta, yeye ndo aende ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu aseme mimi fulani nina hiki naomba hiki. Na wewe ukipiga simu watakujibu kwa adabu kabisa kwamba hawawezi kukuzungumzia habari zake mpaka yeye asaini ruhusa. Mimi nilipiga mara tatu, ya tatu nikalia kwenye gari.

Binti yangu ana ualbino, macho haoni mbali na maandishi madogo hayasomi. Semesta ya kwanza alikaa kimya, hataki kuonewa huruma, anakaa mbele anapiga picha ubao kwa simu halafu anakuza. Ukaja mtihani wa kemia, vile vitarakimu vidogo chini ya herufi hakuviona hata kimoja, 2 na 3 kwake ni doa tu. Akafeli. Ndo akaenda ofisini, wakampa karatasi za maandishi makubwa na muda wa mara moja na nusu, safi, ila ile F ilibaki pale pale kwa sababu nafuu wanazompa hazirudi nyuma kwenye mitihani iliyopita. Kwa hiyo aende sasa hivi, akishakubali nafasi tu, asisubiri Agosti.

Mwambie baba yake chuo kishampokea, na hata kwenye kuomba hawaruhusiwi kumuuliza kama ana ulemavu. Profesa naye anapata barua inayosema huyu apewe muda wa ziada, ugonjwa hautajwi. Barua yenyewe vyuo vingi ni ya kuomba upya kila semesta, asije akasahau.

Halafu sisi selimundu tunaiita ugonjwa, ulemavu ni wa mtu wa kiti cha magurudumu. Hapa sivyo. Tangu ADA irekebishwe 2008 hata hali inayokuja na kuondoka inahesabika, mradi ikiamka inamzuia kweli. Aombe kusogezewa tarehe akiwa kwenye maumivu, chupa ya maji na ruhusa ya choo kwenye mtihani, bweni lenye joto la uhakika karibu na madarasa, unajua baridi ya Ohio inavyomfanyia. Asitegemee watamshushia kiwango cha somo au watampa mtu wa kumhudumia chumbani, hilo hawalazimiki.

Karatasi: daktari wa damu aandike inamzuia nini, sio jina la ugonjwa tu. Shule wakupe ripoti ya mwisho waliyompima kusoma, IEP peke yake vyuo vingi haiwatoshi, na kama ni ya zamani waombe wampime tena kabla hajahitimu maana kupima nje ni hela nyingi na chuo hakilipi. Pia kuna muhtasari wa anachoweza na msaada anaouhitaji, ambao sheria inawataka wampe akihitimu, msitoke bila huo.
Mama Binti, Dallas

---

Naongezea kidogo. Hapo Ohio kuna ofisi ya jimbo inayosaidia wenye ulemavu kupata kazi, Opportunities for Ohioans with Disabilities, akikubaliwa na mpango wake ukiwa wa kazi fulani wanaweza kusaidia ada au vifaa, msiende mmechelewa. Na kwenye mkutano wa IEP una haki ya mkalimani wa Kiswahili bure, usikubali kijana ndo atafsiri, wangu alikuwa ananitafsiria yale mazuri tu.
Baba Mapacha, Minneapolis

---

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemwambia aandike imeili ya ofisi mwenyewe. Kaandika, kasema mama usisome. Nimesoma. Selimundu hajaitaja, eti "nina shida kidogo ya damu". Mtoto alilazwa mara nne mwaka jana! Kesho baada ya chakula tunakaa naye tunaandika upya, na baba yake atakuwepo.
Mama Kijana