Hilux ya 1991 injini imechoka: nifunge 3L, 1KZ, au nihamie petroli na gesi?

Seremala wa Keko

Ndugu zangu, ninaomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha ambayo nimeikusanya kwa muda mrefu. Nina pikapu aina ya Toyota Hilux ya mwaka 1991, ya dizeli, injini ya Toyota inayoitwa 2L (ni jina la aina, si lita), gia tano, inayosukumwa na tairi za nyuma peke yake. Kazi yake ni kubeba vitanda, makabati na mbao kutoka karakana yangu Keko kwenda kwa wateja wa Mbagala, Kigamboni na Tegeta, na mara moja au mbili kwa mwezi huenda Kibaha au Morogoro. Chesisi na bodi bado ni imara, kwa kuwa miaka miwili iliyopita nilivichomelea upya na kuvipaka rangi. Kilichochoka ni injini.

Asubuhi haiwaki mpaka vijana waisukume. Ikishawaka hutoa moshi wa bluu, inakula oili karibu lita moja kwa wiki, na nikifungua kifuniko cha oili ikiwa inanguruma, hewa hupuliza kama bomba la baiskeli. Nikipanda Daraja la Kigamboni na mzigo wa makabati mawili na kitanda, ninalazimika kurudi gia ya pili, na mshale wa joto hupanda hata kabla sijafika juu.

Nimezungumza na mafundi watatu na kila mmoja amenipa jibu lake. Wa kwanza anasema nifanye ovahoo, yaani injini hiyo hiyo ifunguliwe na kutengenezwa upya. Wa pili anayo injini aina ya 3L iliyotolewa kwenye Hiace, na anasema inaingia bila kukata chuma chochote. Wa tatu ananishauri nifunge injini aina ya 1KZ yenye turbo, yaani kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini, ili nisahau habari ya milima. Nyumbani nako kijana wangu anasisitiza nitafute injini ya petroli na kuifungia mfumo wa gesi, kama wanavyofanya wenye teksi. Mimi ni mtu wa mbao, si wa vyuma, na gari hili ndilo linalolisha nyumba mbili. Nitashukuru kusikia sababu zenu pamoja na majibu.

Fundi wa Tabata

Ndugu Seremala, maelezo yako yanajitosheleza, na dalili ulizozitaja zinaelekea mahali pamoja: ringi na silinda zimekwisha. Hewa inayopuliza kwenye kifuniko cha oili ni kompresheni inayovuja kupita kwenye pistoni, na ndiyo sababu injini haiwaki ikiwa baridi. Dizeli haina cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na hewa isiyobanwa vya kutosha haipati joto hilo.

Nianze na familia ya injini yenyewe, kwa sababu jibu lako limelala humo. Injini za 2L, 3L na 5L ni ndugu wa tumbo moja. 2L ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,446, 3L ina 2,779 na 5L ina 2,986. Zote tatu ni za silinda nne, zote hutumia mkanda wa taiming, ule unaofanya valvu zifunguke kwa wakati wake, na umbo la blok upande wa gia boksi linafanana. Kwa hiyo fundi wako wa pili hakukudanganya: 3L inakaa kwenye gia boksi yako na kwenye mauntingi zako, yaani vishikio vya injini. Tofauti utakayoiona barabarani ni kwamba nguvu ya kuvuta hupanda kutoka karibu nyutoni mita 165 hadi karibu 190, tena kwenye mizunguko ya chini, kama 2,400 kwa dakika. Kwa mtu anayepanda daraja na makabati, hapo ndipo panapohitajika nguvu, wala si kwenye mwendo kasi.

Hata hivyo alikuambia nusu ya habari. Injini ya Hiace hukaa chini ya viti vya mbele, kwa hiyo sampo yake (bakuli la oili chini ya injini), chujio la kunyonyea oili na manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa na kutolea moshi) mara nyingi huwa na umbo tofauti na vya Hilux. Usikubali injini yako ya zamani ibomolewe na sampo yake kuuzwa kabla injini mpya haijakaa mahali pake. Hamisha sampo, chujio na manifoldi zako kutoka kwenye 2L, na vyote vioshwe kwanza. Jambo jingine ambalo watu hulipuuza ni plagi za kupasha joto. Kuna injini za familia hii zilizotoka kiwandani na plagi za volti 6 na nyingine za karibu volti 12. Ukifunga injini ya plagi za volti 6 kwenye waya za gari lililokuwa na plagi za volti 12, zitaungua asubuhi moja tu, na utaanza kumlaumu aliyekuuzia injini.

Kuhusu 5L, ni nzuri kama utaipata ya pampu ya kawaida. Ile inayoitwa 5L-E ina pampu inayoongozwa na kompyuta, na bila kompyuta yake na waya zake zote, umenunua chuma cha kutazama.

Sasa niseme kile kinachoniuma zaidi katika kazi yangu. Wengi hubadilisha injini iliyochemka na kuacha rejeta iliyoichemsha. Hilux yako haikupandisha joto kwa sababu ya uzee wa pistoni peke yake. Nina hakika ukiifungua rejeta utakuta nusu ya vijia vimezibwa na kutu, kwa kuwa watu wa mji huu hujaza maji ya bomba au ya kisima mwaka mzima. Kisha chunguza kama themostati ipo, ile valvu inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto. Mafundi wengi huitoa wakiamini kwamba gari litapoa. Kwenye injini hizi matokeo ni kinyume, kwa kuwa themostati inapotolewa, njia ya pembeni hubaki wazi na sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Fedha yako ya kwanza iende kwenye rejeta, themostati, feni na dawa ya rejeta. Injini ije baada ya hapo.

Ovahoo siipingi. Kama blok haijawahi kuchongwa na krankishafti bado ina saizi yake, injini iliyotengenezwa upya vizuri ni injini unayoijua undani wake, tofauti na ile iliyotoka kwenye kontena. Lakini nikijumlisha pistoni, ringi, bearingi, uchongaji, silinda hedi, nozeli na kupima pampu, mara nyingi ninakaribia bei ya 3L nzima, na bado mteja anabaki na nguvu ile ile ya 2L. Kwa kazi yako ningefunga 3L.

Dereva wa Kimara

Nitaongea kuhusu 1KZ pekee, kwa sababu niliifunga kwenye pikapu kama ya ndugu yetu na nikaiendesha kwa miezi kumi na minne. Ni kweli kwamba inavuta. Ni injini ya Toyota Surf na Prado, ujazo wa sentimita za ujazo 2,982, na nguvu zake ni za farasi 125 hivi. Kutoka Chalinze hadi Morogoro nilikuwa nikiyapita magari yaliyokuwa yakinipita zamani. Lakini gia boksi ya zamani haikukubaliana nayo, ikabidi ninunue gia boksi yake, kisha propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye tairi za nyuma, ikakatwa na kusawazishwa upya, kisha nikagundua kwamba breki zangu ni zile za gari la injini ndogo. Silinda hedi ikapasuka siku moja tu nilipochemsha kwenye foleni ya Ubungo. Aina yangu ilikuwa ya kompyuta, na fundi wa umeme alihitaji siku nne kuziunganisha waya. Ukitaka gari la kazi ambalo fundi yeyote wa Mkuranga anaweza kulirudisha barabarani kwa spana na bisibisi, kaka yangu, achana nayo.

Mwanafunzi wa Ufundi

Mzee Seremala, shikamoo. Naomba nimtetee kijana wako, kwa kuwa wazo lake si la kitoto. Gesi asilia hapa Dar es Salaam ni ya kwetu wenyewe, inatoka Songo Songo na Mnazi Bay, na kilo moja yake ina nishati inayokaribia ile ya lita moja na nusu ya petroli. Kwa gari linalozunguka mjini kila siku, akiba inaonekana haraka, na idadi ya teksi na bajaji zilizobadilishwa ni ushahidi wa kutosha.

Shida ni kwamba faida hiyo haiendani na kazi yako yote. Gesi huhifadhiwa kwa mgandamizo wa baa 200, na mtungi wa lita 60 hubeba kilo 10 hivi tu. Mtungi huo wa chuma ni mzito na utachukua sehemu ya bodi ambayo kwa sasa inabeba mbao. Injini ya petroli ikitumia gesi pia hupoteza sehemu ya nguvu, kwa sababu gesi huchukua nafasi ya hewa ndani ya silinda. Zaidi ya hayo, kutoka dizeli kwenda petroli unabadilisha pia tangi, mabomba, waya na mfumo wa kutolea moshi. Kama ungekuwa na Hilux ya petroli tayari, yenye 3Y au 2RZ, ningekushauri uende ukafunge gesi wiki hii. Kuanzia kwenye dizeli, gharama ya kuhama ndiyo inayoniogopesha.

Seremala wa Keko

Nawashukuru sana, na kijana wangu nimempa majibu haya ayasome mwenyewe. Leo mchana nimeifungua rejeta kwa fundi wa jirani, na Fundi wa Tabata umesema kweli kana kwamba ulikuwa umesimama pale: maji yalikuwa rangi ya chai, na themostati haikuwepo kabisa. Nimekwisha kukubali 3L. Kilichobaki ni hofu ya kununua. Nitajuaje kwamba injini iliyolala sakafuni, imepakwa rangi ya fedha na kung'aa, haina ugonjwa ule ule nilionao? Na je, namba ya injini ikibadilika, kadi ya gari inakuwaje?

Mama Spea wa Gerezani

Kaka Seremala, mimi ninauza vipuri, kwa hiyo nitakuambia kile ambacho muuzaji mwaminifu hatakasirika ukimwomba. Rangi ya fedha usiitazame kabisa. Mwombe afunge betri na stata, injini izungushwe pale pale sakafuni, na fundi wako apime kompresheni kwenye silinda zote nne kwa geji ya dizeli. Geji ya petroli haifai, itapasuka. Injini mpya ya aina hii hutoa karibu baa 31. Ikishuka chini ya baa 20, imekwisha. Lakini hata kama zote ziko juu ya hapo, tazama tofauti kati ya silinda na silinda, isizidi baa 5. Mimi ningechukua injini yenye 25 kote kuliko yenye 30 kwenye silinda tatu na 21 kwenye moja.

Kisha fungua kifuniko cha oili, uingize kidole. Ukikuta utando mweupe kama maziwa, maji yameingia kwenye oili, ondoka. Mashine ikishakuwa yako, kabla haijaingia kwenye gari, badilisha mkanda wa taiming na tensheni yake, pampu ya maji, sili za mbele na ya nyuma, pamoja na klachi. Mkanda huo ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na injini nzima hurudi sakafuni. Kazi hizo zote ni rahisi injini ikiwa nje, na kila moja huwa ghali mara mbili ikiwa imeshafungwa.

Kuhusu karatasi, usiondoke dukani bila risiti inayotaja namba ya injini yenyewe, pamoja na nakala ya nyaraka za forodha zinazoonyesha kwamba iliingia nchini kihalali. Ukishaifunga, peleka taarifa TRA (Mamlaka ya Mapato) ili namba mpya iandikwe kwenye kadi, na uijulishe kampuni yako ya bima. Nimemwona mteja wangu mmoja aliyepuuza jambo hilo. Alipotaka kuuza gari miaka mitatu baadaye, namba ya kwenye blok na ya kwenye kadi hazikufanana, na aliyemuuzia injini alikuwa ameshafunga duka. Alihangaika miezi mingi kuthibitisha kwamba injini hiyo si ya wizi.

Fundi wa Tabata

Ninaunga mkono kila neno la Mama Spea. Niongeze moja tu: injini ikishawaka, kwa kilomita 1,000 za kwanza usipakie mzigo kamili, kisha umwage oili na kubadilisha chujio, kwa sababu hujui ilikaa miezi mingapi bila kuzunguka. Geji ya dizeli ninayo. Kama unakwenda kununua Jumamosi, nitakuja nayo Gerezani saa tatu asubuhi, na gharama yake ni nauli yangu tu.

Seremala wa Keko

Jumamosi saa tatu nitakuwa pale, Fundi. Rejeta nimeipeleka leo kuunganishwa kiini kipya, na themostati nimeinunua kwa Mama Spea bila kujua kwamba ndiye yeye.