Naomba ushauri: taka tunazozitenga nyumbani huishia wapi?

Mtengaji:
Wanajukwaa, habari zenu. Kwa miaka mingi nyumbani kwetu tumetenga karatasi, makopo, chupa za glasi na plastiki, na watoto wamekua katika utaratibu huo. Hivi karibuni tuliwaona wachukuzi wakimimina vyombo vyetu vyote ndani ya gari moja. Tangu siku hiyo shemeji yangu anashikilia kwamba kila kitu huishia jalalani na kwamba tunajisumbua bure, na mwanangu mkubwa ameanza kukubaliana naye. Namwomba yeyote anayeijua kazi hii kwa ndani anieleze kinachotokea baada ya gari kuondoka, na kama kuna sababu ya kuendelea. Sitafuti kufarijiwa; nataka ukweli hata ukiwa mchungu.

Robota:
Ndugu Mtengaji, nimefanya kazi katika kituo cha kuchambulia taka, kwa hiyo nitakueleza ninayoyajua. Kumiminwa katika gari moja hakuthibitishi kwamba vimetupwa. Yapo magari yenye ukuta wa kati usioonekana kwa nje, na yapo maeneo ambako karatasi, makopo na plastiki huchukuliwa pamoja kwa makusudi kwa kuwa uchambuzi hufanyika kituoni. La kukutia wasiwasi ni kama mabaki ya chakula nayo yalimiminwa humo humo, kwa sababu karatasi ikishalowa mchuzi na mafuta haina mnunuzi tena.

Kituoni mzigo humwagwa sakafuni, kisha hupandishwa kwenye mkanda unaotembea, na watu husimama pande zote mbili wakiondoa kwa mikono visivyostahili kuwapo: nguo, nepi, mipira ya kumwagilia, sufuria. Baada ya hapo magurudumu yanayozunguka huyabeba maboksi juu huku vitu vidogo vikidondoka chini. Sumaku hunasa makopo ya chuma. Ya alumini, ambayo sumaku haiyashiki, hurushwa kando na mtambo unaoamsha mkondo wa umeme ndani ya kopo lenyewe. Plastiki hupita chini ya mwanga usioonekana kwa macho, mashine ikaitambua kila aina kwa jinsi inavyourudisha mwanga huo, na papo hapo mpulizo mkali wa hewa huitupa chupa upande wake. Vyombo vyeusi vya plastiki mara nyingi hupotelea hapa, kwa kuwa kaboni inayovipa weusi huumeza mwanga na mashine haivioni. Mifuko laini ndiyo iliyotutesa kuliko vyote, maana hujisokota kwenye mihimili ya magurudumu mpaka mtambo uzimwe na watu waingie na visu kuikata.

Kinachotoka mwishoni ni marobota yaliyofungwa kwa waya, na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako. Kituo hakirejelezi kitu, yaani hakizigeuzi taka kuwa malighafi mpya; kinauza. Robota lenye mnunuzi huenda kiwandani, na lisilo na mnunuzi huenda jalalani au kwenye tanuri, hata kama vilivyomo vilitengwa kwa uangalifu mkubwa.

Mpenda Takwimu:
Shemeji yako ana hoja, hasa kuhusu plastiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kati ya taka zote za plastiki zilizokuwa zimezalishwa duniani hadi mwaka 2015, takriban asilimia 9 tu zilirejelezwa, asilimia 12 zilichomwa, na zilizosalia zilirundikana majalalani au kutapakaa katika mazingira. Kwa muda mrefu nchi tajiri ziliihesabu plastiki kuwa imerejelezwa mara tu iliposafirishwa nje, nyingi ikienda China. China ilipopiga marufuku plastiki chakavu za majumbani mwanzoni mwa mwaka 2018, shehena ziligeukia Malaysia, Vietnam na Thailand. Mwaka 2019 Ufilipino iliirudishia Kanada makontena 69 yaliyokuwa yameandikwa kwamba yana plastiki ya kurejelezwa, kumbe ndani mlikuwa na taka za majumbani, nepi zikiwemo. Nawasikitikia sana watu walioletewa uchafu huo kwa jina la kulinda mazingira.

Robota:
Takwimu hizo ni sahihi, lakini zinahusu plastiki peke yake. Kopo la alumini lina hadithi nyingine kabisa: kulirejeleza hutumia nishati pungufu kwa takriban asilimia 95 kuliko kutengeneza alumini mpya kutoka kwenye madini, na ndiyo maana halikosi mnunuzi. Chuma nacho hununuliwa. Glasi huyeyushwa tena na tena bila kupoteza ubora, ilimradi haikuchanganyika na vyombo vya udongo. Nyuzi za karatasi hufupika kila mzunguko, lakini huvumilia mizunguko kadhaa. Katika plastiki, zinazouzika kwa uhakika zaidi ni chupa zenye namba 1 (kama za maji na soda) na 2 (kama za maziwa na sabuni). Na namba ile iliyo ndani ya pembetatu hutaja aina ya plastiki tu, haiahidi kwamba itarejelezwa.

Mtengaji:
Nashukuru sana, nyote wawili. Naomba kuuliza mambo mawili zaidi. Je, tuoshe kila kitu kwa sabuni? Na vizibo vya chupa tuviondoe?

Mama Pipa:
Mwenzangu, sabuni haihitajiki. Mimina kilichobaki, suuza kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo, basi. Vizibo virudishe kwenye chupa isipokuwa wachukuzi wako wamekwambia vinginevyo, kwa sababu kikiwa peke yake kizibo hudondoka pamoja na takataka ndogo, ilhali kiwandani chupa husagwa na kutiwa majini, ambapo vipande vya chupa ya namba 1 huzama na vya kizibo huelea. Betri usizitie humo kamwe, kwani zikipondwa huwaka moto na kuhatarisha wafanyakazi.

Kuhusu wachukuzi wako, usiwaulize kama wanarejeleza, maana watajibu ndiyo. Waandikie, na nakala uipeleke kwa mamlaka iliyowapa mkataba, ukiuliza mzigo wenu hupelekwa kituo gani, ni sehemu gani ya mzigo hukataliwa, na nani hununua marobota ya kila aina. Wakikutajia mnunuzi wa karatasi na makopo lakini wakanyamaza kuhusu plastiki, endelea kutenga hivyo viwili kwa moyo wote, na hizo plastiki punguzeni kuzinunua.